Jiwe la Mdomoni

Flagstaff, Arizona
9 Septemba 1996

Daktari Amundsen,

Sijui kama jina langu bado unalo kichwani. Mimi ni Wilma Dettweiler wa chumba cha chini, meza ya dirishani, yule mwenye gundi vidoleni kila siku. Ndimi niliyekuwa nikiunganisha picha za mwezini, moja kwa moja, mpaka zinakuwa uwanda mmoja mrefu wa kubandika ukutani. Wewe ulikuwa ukipita na kikombe chako cha kahawa na kuniambia, "Wilma, kilima hicho umekivunja shingo." Nami nikikagua naona kweli, nimekosea kidogo tu, upana wa uzi.

Nilistaafu miaka mitano iliyopita. Mwaka huu wameniita tena, siku tatu kwa wiki, kwa sababu picha zote za zamani zinaingizwa kwenye kompyuta na hakuna aliyebaki anayejua sanduku lipi lina nini. Basi nashinda na vijana wa mashine, nawaonyesha. "Huyu anapiga mwamba nyundo. Huyu anachota vumbi. Huyu kaanguka, msimcheke, jaribuni ninyi kuinama na suti ile." Jioni mgongo unauma na macho yanawasha. Roy alifariki mwaka juzi, kwa hiyo nyumbani hakuna wa kumlalamikia, nailalamikia mpaka redio.

Nakuandikia kwa sababu katika masanduku hayo nimekuta picha moja ambayo ningependa uitazame. Inahusu lile jiwe jeupe, lile mlilokuwa mkiliita Jiwe la Mdomoni. Najua habari hiyo si nzuri kwako. Nikikutumia, utaitazama?

Wako kwa heshima,
Wilma Dettweiler


Kingman, Arizona
20 Septemba 1996

Wilma,

Nakukumbuka. Ulikuwa na mkono mtulivu kuliko watu wote wa jengo lile, na ulikuwa hupendi kusemeshwa kabla ya saa nne.

Usiniite Daktari. Hapa Kingman mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansi wa sekondari. Nimefundisha miaka ishirini na moja watoto wanaotaka kujua kama mtu akipasua chupa ya soda mwezini itaruka kiasi gani. Hawakuwahi kuniuliza kama nilikuwa na sehemu katika mambo hayo, nami sikuwaambia.

Kuhusu picha, hapana, ahsante. Watu wema hunitumia picha za mwezi kila mwaka, kalenda, stempu, hata sahani moja ya ukutani. Ni kama mtu aliyeachwa na mkewe kuletewa picha za harusi. Nina miaka sabini na mbili. Presha iko juu, jicho la kushoto lina ukungu, na lile jambo nimeshalizika.

Hata hivyo, kwa kuwa wewe hukuwepo kwenye vikao, nikueleze mara moja ili usidhani nina kiburi. Nilisema jiwe lile lilitoka mdomoni mwa kasoko, ukingoni mwa lile shimo kubwa, mahali ambapo mawe ya chini kabisa hurushwa juu. Nilisimamia hoja hiyo mbele ya watu wote. Kisha picha zikaonyesha kwamba jiwe liliokotwa karibu na ngazi ya chombo, matembezi ya kwanza, mahali pa hovyo tu, na jiwe la mahali pale haliwezi kueleza chochote. Wakasema Amundsen aliona alichotaka kuona. Sikuweza kubisha, kwa sababu picha hiyo niliiona kwa macho yangu. Ilikuwa ukutani.

Pole sana kwa Roy. Nilikuwa sijasikia.

Clifford Amundsen


Flagstaff
27 Septemba 1996

Bwana Amundsen,

Nisamehe. Nimekutumia hata hivyo. Ziko mbili ndani ya bahasha, katikati ya kadibodi. Kama unataka kuzirudisha bila kuzitazama, weka tu kwenye bahasha nyingine. Lakini ukishachukua lenzi, fuata haya.

Picha ya kwanza ndiyo iliyokuwa ukutani, katika uwanda wa ngazini. Utaliona jiwe, utauona mguu wa mwanaanga, na upande wa kulia picha imekatwa kwa mkasi ili ishikane na jirani yake.

Picha ya pili ni hiyo hiyo, imesafishwa upya kutoka kwenye filamu, nzima, haijakatwa. Tazama kulia. Kile kijiti cha miguu mitatu walichokuwa wakikisimamisha kila mahali ili kuonyesha ukubwa wa vitu na upande wa jua kipo, na kivuli chake kipo. Pima kivuli. Mimi nimepima mara tisa.

Matembezi ya kwanza jua lilikuwa chini na vivuli vilikuwa virefu kama nguzo za simu. Hiki ni kifupi. Ni kivuli cha siku ya tatu. Na siku ya tatu hawakukaribia ngazi mpaka mwisho kabisa. Asubuhi nzima walikuwa kwenye kasoko.

Picha haikupigwa ngazini, Bwana Amundsen. Ilipigwa mdomoni. Iliingizwa katika uwanda usio wake.

Nimeigundua wiki chache zilizopita, katika kupanga masanduku.

Wilma


Kingman
8 Oktoba 1996

Wilma,

Bahasha ilikaa juu ya jokofu siku nne. Siku ya tano niliifungua huku nimesimama, nikijiambia nitatazama kama mtu anayetazama bili ya umeme. Saa moja baadaye nilikuwa bado nimesimama, na mbwa wangu alikuwa ameacha kuomba chakula akalala.

Nimepima. Nimepiga hesabu ya jua kwa penseli, kisha kwa kikokotoo cha shule, kisha nikampelekea mwenzangu anayefundisha hisabati bila kumwambia ni ya nini. Hesabu zote tatu zimetoa siku ya tatu.

Sikuruka kwa furaha. Ningependa kukuambia niliruka. Nilikaa kitini nikahisi uchovu ambao sijawahi kuuhisi, kama mtu aliyebeba gunia toka sokoni akafika nyumbani akaambiwa halikuwa lake.

Halafu nikamfikiria Gar.

Hukumjua sana Garland Tibbets, wanaanga walikuwa hawashuki chumba chenu. Alikuja kwangu rubani mtupu. Siku ya kwanza nilipompeleka kwenye mashamba ya jivu la volkano nje ya mji, aliokota jiwe akaniuliza, "Hili ni la kiume au la kike?" Nikamwambia, "Ukinirudishia mzaha huo mwezini nitakuacha huko." Baada ya miaka miwili alikuwa akiingia kwenye korongo asilolijua na kukusomea kuta zake kama gazeti. Nilimfundisha mambo matatu mpaka akayachukia. Simamisha kijiti. Piga picha kabla hujaligusa. Piga picha ukishaliondoa.

Yeye ndiye aliyeliokota. Vifuko vya namba vilikuwa vimekwisha, akalitia bila kifuko katika mfuko mkubwa pamoja na mengine, kwa hiyo ushahidi pekee uliobaki ukawa picha. Mambo yalipoharibika, mwaka wa 1973, tulikutana ukumbini, mbele ya mashine ya soda.

Akaniambia, "Cliff, nakuapia, nililitoa mdomoni mwa kasoko."

"Picha haisemi hivyo, Gar."

"Basi picha ina kasoro."

"Ulikuwa umechoka, uliokota jiwe la kwanza uliloliona ngazini ukasahau, na sasa unaona aibu kusema."

"Mimi nilikuwa pale," akasema. "Wewe ulikuwa Houston unakula sandwichi."

Nikamwambia kati yake na picha naiamini picha. Nikamwambia mbele ya watu kwamba ni mwongo. Tangu siku hiyo hatukusemezana.

Kila Krismasi alinitumia kadi. Hakuna salamu, hakuna habari za watoto. Neno moja tu, "Mdomoni," na jina lake. Miaka ishirini. Nilidhani ananichokoza. Nilikuwa nazitupa kabla hazijalala usiku mmoja nyumbani. Krismasi ya 1994 haikuja, nikasema moyoni, afadhali amechoka. Februari nikasoma gazetini kwamba alifariki Oktoba, nyumbani kwao Nebraska.

Kwa hiyo unaona, ahsante kwa picha. Nina swali moja, nalo ni la kikazi. Nani aliyeingiza picha ile katika uwanda wa ngazini? Sitaki kumfanyia lolote. Nataka kujua tu ilikuwaje.

Cliff


Flagstaff
15 Oktoba 1996

Bwana Amundsen,

Ni mimi.

Uwanda ule ni kazi ya mkono wangu. Picha zilikuja zimechapwa, nyuma zimeandikwa herufi ya filamu kwa penseli. Nilisoma herufi moja nikaiona nyingine. Jiwe lilifanana na mawe ya pale, kilima cha nyuma kilikubali, na kijiti kilikuwa kinanisumbua kwa kuwa hakikuingiana na picha ya jirani, nikachukua mkasi nikakikata. Kilikuwa kitu kidogo. Hata kahawa yangu ilikuwa haijapoa.

Hilo ni kosa, na makosa hutokea. Lakini nilikuandikia kwamba nimeigundua wiki chache zilizopita, na huo ni uongo.

Niligundua Machi 1974. Filamu ilisafishwa upya, nikaletewa seti nzima ya kuhifadhi, nikakiona kijiti na kivuli chake. Nilijua papo hapo. Wiki ile ile ulikuwa unafunga vitabu vyako katika maboksi. Nilizichukua picha mbili nikapanda ngazi mpaka mlangoni kwako. Mlango ulikuwa wazi. Ulikuwa na simu sikioni, umenipa mgongo, unamwambia mtu, "Hapana, nimekubali. Nilikosea mimi." Nikasimama. Ulikuwa na sweta la kijani lenye kiraka kiwikoni. Kisha nikashuka.

Safari za mwezini zilikuwa zimekwisha na kila Ijumaa mtu mmoja alikuwa akiambiwa asirudi Jumatatu. Roy alikuwa ameumia mgongo kwenye kiwanda cha mbao. Nilijiambia nitasema wiki ijayo. Nikajiambia umeshapata kazi nyingine. Nikajiambia wewe ni msomi, mtu kama wewe hakosi njia. Nilikuwa na sababu nyingi sana, nimeishi nazo miaka ishirini na miwili na hakuna hata moja iliyowahi kunitosha.

Habari za Bwana Tibbets sikuzijua mpaka niliposoma barua yako. Nilidhani nimemuumiza mtu mmoja.

Nisamehe.

Wilma Dettweiler


Flagstaff
20 Novemba 1996

Bwana Amundsen,

Sikuandikii kukuharakisha. Nataka kujua tu kama barua yangu ya Oktoba ilifika. Posta ya hapa siku hizi si ya kuaminika.

Nisamehe.

Wilma


Flagstaff
12 Desemba 1996

Bwana Amundsen,

Sasa naamini ilifika.

Ndani kuna nakala ya barua niliyowapelekea wahariri wa jarida lenu la jiolojia. Nimeeleza kosa, tarehe, mkasi, na ukimya, na nimetia sahihi. Kama hutaki ichapishwe, niandikie neno moja nitawapigia simu. Kama hutaniandikia, nitaiacha iende.

Pale kazini nimeshawaambia. Mkuu wa chumba alisema, "Wilma, haya mambo ya kale unayafukua ya nini?" Mwenzangu tuliyekuwa tukila naye chakula cha mchana sasa anakula ndani ya gari lake. Sisemi haya unihurumie. Nakuambia usije ukayasikia kwa mwingine.

Nisamehe, Bwana Amundsen.

Wilma


Kingman
3 Januari 1997

Wilma,

Zilifika zote. Posta ya Flagstaff haina neno.

Ulipoandika "Ni mimi" nilitoka nje nikatembea mpaka mwisho wa barabara ya lami, nikarudi, nikatembea tena. Majirani wakadhani mbwa amepotea. Niliandika majibu sita. Mawili yalikuwa na maneno ambayo mwanamke wa umri wako hapaswi kuandikiwa, na moja nilikuwa nimeshalibandika stempu. Yote nimeyachoma.

Kazi siyo inayoniuma. Watoto wa Kingman nimewapenda, hata wale wa chupa ya soda. Kinachoniuma ni kwamba uliposimama mlangoni nilikuwa bado mtu anayeyaamini macho yake. Baada ya hapo sikuyaamini tena. Nimepita kwenye makorongo ya jimbo hili miaka ishirini na miwili, kila nikiona kitu najiambia, aa, Cliff, unaona unachotaka. Nimeacha kuokota mawe. Hilo ndilo ulilolichukua, na sidhani kama wewe au jarida mnaweza kunirudishia.

Barua iache iende. Si kwa ajili ya jina langu, hilo limeshazoea. Iende kwa ajili ya jiwe. Lipo kabatini huko limeandikwa mahali lisipotoka, na wanafunzi wadogo wanalikata vipande wakiamini kibandiko.

Sasa nisikilize. Umeniomba msamaha mara tatu. Usiniombe ya nne, kwa sababu itanibidi nikujibu, na jibu nililo nalo leo hutalipenda. Kuna asubuhi naamka nimekusamehe kabisa, nachemsha kahawa, na kabla haijachemka imeshapita. Labda itakuja asubuhi moja itakayodumu mpaka mchana. Nikiipata nitakuambia.

Lakini kuna jambo nataka kutoka kwako, na hakuna mwingine ninayeweza kumwuliza.

Nimeitazama ile picha nzima siku nyingi sasa. Siangalii tena jiwe. Namwangalia Gar, maana kamera alikuwa nayo mwenzake, ambaye baadaye hakukumbuka jiwe lipi lilitoka wapi. Sura haionekani, kioo cha kofia kimejaa jua, lakini amesimama upande, mguu mmoja nyuma, amejiondoa ili kivuli chake kisiliguse jiwe. Hilo sikumfundisha ukumbini. Nilimwambia mara moja tu, juu ya jivu, upepo unavuma, nikadhani hakunisikia. Alifanya kila kitu. Kijiti. Picha kabla. Bila shaka na picha baada, kama utaitafuta. Alikuwa amechoka kama mbwa na alifanya kila kitu, kisha mimi nikamwita mwongo mbele ya mashine ya soda.

Mkewe yuko hai. Maxine, Kearney, Nebraska. Alikuwa akitupikia chakula kila tulipofika kwao, na mara ya mwisho nilipomwona nilimpita bila salamu.

Nimekaa na karatasi tangu Krismasi. Naandika "Mpendwa Maxine" kisha naeleza habari za filamu, na herufi, na wewe. Ndiyo, na wewe. Nikisoma naona barua nzima ni ya kunitetea. Wilma, wewe umeshaandika barua ya namna hii. Ulianzaje? Uliandika nini kwanza?

Cliff


Flagstaff
9 Januari 1997

Cliff,

Nakuita hivyo kwa sababu hili huwezi kumwambia mtu unayemwita Bwana.

Ile ya Oktoba uliyoisoma ilikuwa ya kumi na nne. Zile kumi na tatu zilianza na Roy na mgongo wake.

Andika kwanza ulichofanya. Kifupi, mstari wa kwanza kabisa, ili hata akiichana hapo awe amekisoma. Usinitaje. Mimi nina barua yangu, itachapishwa, akitaka ataisoma. Ukinitaja mimi atakuwa na mtu wa kumkasirikia badala yako, na utapata nafuu usiyostahili. Nakuambia hivi si kwa kujificha, unajua.

Usiseme ulichoka, usiseme ulidanganywa na picha. Alikuwapo mtu aliyekuambia ukweli, ukachagua kutomwamini. Ndivyo ilivyokuwa. Andika hivyo.

Kisha mwambie kitu kuhusu mumewe ambacho hakijui. Yeye anajua alivyokuwa akikoroma na alivyopenda mayai. Hakuwahi kumwona kazini. Mwambie habari za kivuli, kwamba alisogea.

Usimwombe akujibu.

Picha ya baada nimeitafuta. Ipo. Jiwe halipo, pamebaki shimo dogo na alama za koleo, na kijiti kimesimama pale pale. Nimeifunga kwenye kadibodi, ya Maxine hiyo. Yako ni ile ya kabla.

Wilma


Kingman
2 Februari 1997

Wilma,

Niliipeleka posta Jumatano, tarehe kumi na tano. Mistari kumi na moja. Nilifanya ulivyosema, ila "kwa sababu" moja ilinipenya katikati, nikaifuta, ikaacha alama kwenye karatasi. Sikutaka kunakili upya. Nilijua nikinakili sitaituma.

Picha niliitia ndani. Nyuma yake niliandika mahali ilipopigwa.

Jarida limetoka. Umewekwa ukurasa wa mwisho, chini ya tangazo la mkutano wa Denver, herufi ndogo. Nimepigiwa simu na mtu mmoja tu, kijana wa chuo kikuu, akaniuliza kama mimi bado niko hai. Nikamwambia nitathibitisha. Anataka nimweleze kasoko lile lilivyo, toka juu mpaka chini. Nimemwambia aje akitaka, lakini mimi huchoka baada ya saa tisa.

Nebraska kimya. Leo siku ya kumi na nane. Gari la posta hupita hapa saa tano na robo, na kuanzia saa nne siwezi kufanya kitu cha maana. Nafagia mahali palipofagiliwa. Likipita bila kusimama najiambia labda kesho, labda theluji huko, labda amehama. Likisimama ni mbaya zaidi, kwa sababu nashuka mpaka sandukuni na ni katalogi ya mbegu. Jana nilimwuliza mwenye posta, "Una hakika hakuna kingine?" Akanitazama kwa huruma, nikaona haya.

Katikati ya kufagia jana niliihesabu upya ile miezi. Oktoba kumi na tano mpaka Januari tatu. Wiki kumi na moja. Barua zako zilikuwa juu ya jokofu langu, nami nikijiona mtu aliyetendewa tu.

Bado si msamaha huu, usikosee. Nimejua tu nilikuweka mahali gani, kwa sababu nipo hapo sasa hivi, na sitaki mtu mwingine akae hapo.

Kwa hiyo hii nimeiandika leo, Jumapili, na nitaitia posta kesho saa mbili wakifungua tu. Barua yako ya tarehe tisa imefika, Wilma. Nimeisoma. Nipo.

Cliff